Sahihi ya Mkaguzi

Karatasi yenyewe ilikuwa na umri wa miaka arobaini na minane. Graham Pettifer aliitandaza mezani kwa vidole viwili, glavu nyeupe mikononi, kama mtu anayemvua mtoto mchanga nguo. Wenzake wanane waliacha kazi zao wakaja kuizunguka meza. Mzee Mohamedtaki Alibhai hakuwa na haja ya kusogea. Kutoka pale alipokaa kwenye kigoda, kando ya bawa la ndege, aliiona ile sahihi ya chini kulia, akaijua.

"Mo," Graham alimwita. Bandani pale walimfupisha hivyo tangu siku ya kwanza, maana jina zima liliwachosha. "Njoo utusaidie. Hii ya kwanza tunaisoma: Hyderali, fundi. Hii ya pili, ya mkaguzi, si herufi zetu. Ni ya nani?"

Tuseme haki, wale wazee hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wastaafu, na kila Jumamosi walikutana katika banda la kukodi karibu na uwanja wa zamani wa ndege wa Downsview kuifufua ndege moja kuukuu ya Kiingereza. Ilikuwa Rapide, ndege ya mbao na kitambaa, bawa juu ya bawa, iliyoundwa Uingereza wakati wa vita. Ilipelekwa Tanganyika, ikauzwa na kununuliwa mara nyingi, mwisho ikaja kuozea katika banda la ng'ombe mashariki ya Toronto. Wao waliisaka nchi kwa nchi kwa namba yake ya kiwandani. Ukimpa mmoja wao skrubu yenye kutu, atakuambia ilikatwa kiwanda gani na mwaka gani, na usipomzuia atakuambia ilikuwa zamu ya asubuhi au ya jioni. Ukweli waliupenda kuliko chakula.

Graham, mwenyekiti wao, alikuwa na sababu yake zaidi. Baba yake, Leonard, ndiye aliyekuwa rubani wa ndege hiyo siku ilipopinduka ikitua Songea, Juni 1961. Yeye alivunjika miguu yote miwili. Fundi kijana aliyekaa nyuma yake alikufa palepale. Uchunguzi ulisema rubani alitua vibaya, akanyang'anywa leseni, akahamia Kanada, akaendesha gari la mikate huko Scarborough mpaka alipokufa. Mwanawe hakuamini. Sasa sanduku la karatasi za aliyekuwa injinia mkuu wa kampuni ile lilikuwa limeuzwa mnadani Uingereza, Graham akalinunua, na ndani yake akaipata hii karatasi. Ilionyesha kwamba usiku wa kuamkia ajali kamba za chuma zinazogeuza mkia zilikuwa zimefunguliwa na kukazwa upya. Ripoti ya uchunguzi haikuitaja kazi hiyo hata kwa neno moja.

Mzee Mohamedtaki aliingizwa katika chama cha wazee hao na mwanawe Mujtaba, miaka miwili nyuma. Mujtaba aliona habari za chama hicho kwenye mtandao, akawaandikia kwa fahari kwamba baba yake aliwahi kuifanyia kazi ndege hiyohiyo Dar es Salaam. Walimpokea kama aliyeshuka kutoka mbinguni. Mzee alikuwa amekaa Kanada miaka thelathini na mitano, ishirini na miwili kati ya hiyo akipanga makatoni katika ghala, kwa sababu cheti chake cha ufundi hakuna aliyetaka hata kukitazama. Hapa, kwa mara ya kwanza, watu walimuuliza na kunyamaza kusubiri jibu. Aliwafundisha kuvuta kitambaa juu ya mbavu za mbao bila kukikunja. Jumamosi zikawa siku zake za kuishi, na akajidanganya kwamba ile ndege inajengwa upya bila kukumbushana ya zamani.

Maana yeye ya zamani aliyajua. Katika karakana yao ya Dar es Salaam kulikuwa na desturi. Kila aliyekuwa na sikukuu ya dini yake aliacha sahihi zake kwenye droo, juu ya karatasi tupu za ukaguzi, ili kazi isisimame. Wagoa walifanya hivyo Krismasi, Wahindu walifanya hivyo Diwali. Mohamedtaki, mwaka ule, mwezi mosi Muharram, alitia sahihi karatasi kumi, moja kwa kila siku hadi Ashura, akaenda zake msikitini. Usiku wa kuamkia siku ya nane Hyderali alikaza zile kamba, akasahau waya wa kuzifungia zisilegee. Mkaguzi wa kuuona waya haupo alikuwa msikitini anajipiga kifua. Alfajiri ndege iliruka. Injinia mkuu, Mwingereza, baadaye alimwita ofisini, akamwonyesha karatasi, akaitia mfukoni mwake mwenyewe, akamwambia kwamba kampuni na yeye Mohamedtaki wote watapona kama kila mtu atafunga mdomo. Akaufunga.

Na fundi aliyekufa alikuwa Akbar Jivraj, rafiki yake, kaka wa Shahida. Huyo Shahida ndiye mkewe.

"Mo?" Graham aliuliza tena.

Kusema "sijui" kungetosha. Lakini herufi zilikuwa za Kigujarati, na hawa watu hawakosi kumpata Mgujarati Toronto, hata dereva wa teksi angewasomea. Wakipewa jina, hawatatafuta msomaji mwingine. Mzee alitafuta jina la mtu asiyeweza kuulizwa, na katika marehemu wote wa dunia hii ulimi wake ukamwangukia mmoja.

"Ni ya Akbar," alisema. "Huyo aliyekufa ndani yake. Alikuwa shemeji yangu."

Graham alivua glavu, machozi yakamlengalenga, akamkumbatia mzee mbele ya wote. Alimwambia kwamba anajua ilivyo kazi kumtaja mtu wa damu yako, na kwamba hajapata kuona ujasiri kama ule. Mmoja wao alikuwa ameshashika kalamu, anauliza Akbar linaandikwaje.

*

Njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikuwa na urefu wa miaka arobaini na minane, na bado ikamfikia nyumbani kwake Flemingdon Park, ghorofa ya kumi na moja, kwa bahasha nzuri yenye picha ya ndege. Chama kilikuwa kinafungua maonyesho Jumamosi ya pili ya Novemba. Bwana na Bibi Alibhai walialikwa kama wageni wa heshima, Bibi hasa, akiwa dada wa marehemu.

Mzee aliificha bahasha ile chini ya magazeti. Siku ya tatu Mujtaba alipiga simu kutoka Markham kumuuliza mama yake atavaa nini. Graham alikuwa ameandika kwake pia.

Shahida hakukasirika kwamba alifichwa. Alidhani mumewe alitaka kumshtukiza kwa furaha. Alikaa kitini, mkono kifuani, akauliza mara mbili kama ni kweli Wazungu wamemkumbuka Akbar. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemkumbuka isipokuwa yeye. Wazazi walikufa, kaburi liko Songea peke yake, hata picha waliyobaki nayo ilikuwa moja, ya pasipoti. Mzee alimwambia ni shughuli ya wanaume, kutakuwa na baridi, magoti yake hayatastahimili kusimama. Shahida alimjibu kwamba magoti yamembeba miaka sitini na sita na siku hiyo yatambeba tena.

Alianza kupika tangu Alhamisi. Alipika mkate wa mchele sinia mbili na kababu sitini, akaziweka kwenye trei za bati na kuzifunika vizuri. Alisema mtu haendi kwenye shughuli ya kaka yake mikono mitupu. Mumewe alimtazama akikuna nazi, akafungua mdomo mara kadhaa. Kila alipoufungua, mkewe alikuwa anamsimulia Akbar, jinsi alivyopenda ukoko wa chini wa mkate. Mzee akaufunga mdomo, maana huko kufunga alikuwa mzoefu.

*

Mlangoni mwa banda mama mmoja wa makamo, mwenye beji kifuani, alizipokea trei kwa tabasamu pana, akauliza kama kuna orodha ya vilivyomo. Shahida hakuelewa. Mujtaba akaeleza kwamba ni chakula cha nyumbani. Yule mama akasikitika sana, akasema kwa sababu ya watu wenye mzio sheria hairuhusu, akazisukuma trei chini ya meza ya makoti. Shahida alitazama zinavyokwenda huko chini, kati ya viatu vya theluji. Akasema hakuna neno.

Watu walifika kama mia. Ndege ilikuwa katikati, imepakwa fedha, inang'aa kuliko ilivyopata kung'aa Dar es Salaam. Ukutani palikuwa na ubao mkubwa wenye historia yake mwaka kwa mwaka, na chini ya ubao, bamba la shaba lililofunikwa kitambaa. Wageni wa heshima waliwekewa viti mstari wa mbele. Mzee Mohamedtaki alikaa na kofia yake magotini, akiomba umeme ukatike.

Graham alizungumza bila karatasi. Alimsimulia baba yake, jinsi alivyokuwa akiamka na kukaa jikoni, jinsi watu wa usharika wake walivyomkwepa. Alieleza sanduku lilivyopatikana, na waya usiokuwepo, na mkaguzi aliyeweka sahihi kwamba upo. Akanywa maji. Halafu akamgeukia Shahida.

"Kijana yule alikuwa na miaka ishirini na minne," alisema. "Alifanya uzembe, na akaulipia kwa roho yake. Sisi hatuna chuki. Kwa niaba ya marehemu baba yangu, nataka dada yake ajue kwamba tumemsamehe."

Wakapiga makofi. Yule mama wa beji alikuja akamkumbatia Shahida kwa nyuma, kitini. Kitambaa kikavutwa. Bamba liliandikwa kwa Kiingereza kwamba rubani Leonard Pettifer hakuwa na hatia, na kwamba ajali ilitokana na kosa la mkaguzi, Akbar Jivraj.

Shahida alikuwa anajua Kiingereza cha kumtosha. Alielewa "uzembe" na alielewa "tumemsamehe". Alibaki ameshika mkoba wake, uso umepauka, na mtu aliyekaa karibu angedhani ni huzuni. Graham alimshika mkono kwa upole, akamwongoza hadi ubaoni amwonyeshe mwenyewe, maana alitaka mambo yawe wazi. Karatasi ya ukaguzi ilikuwa imekuzwa hadi ukubwa wa mlango. Sahihi ya mkaguzi peke yake ilikuwa ndefu kama mkono wa mtu mzima.

Kigujarati alifundishwa na Akbar huyohuyo, barazani, alipokuwa na miaka saba, kwa sababu baba yao aliona shule ya msichana ni hasara. Aliisoma ile sahihi mara moja. Akaisoma ya pili. Mujtaba, ambaye herufi zile kwake zilikuwa mapambo tu, alikuwa ameinua simu yake anapiga picha.

"Ma, sogea karibu na jina la Mjomba," alisema. "Tazama huku."

Akasogea. Akatazama huko. Graham akamwuliza kama angependa kusema neno, akampa kipaza sauti. Mzee Mohamedtaki, mstari wa mbele, aliona mkewe akivuta pumzi, akajua kwamba saa yake imefika, na kwa kweli karibu afurahi.

Shahida alisema kwa Kiingereza chake cha vipande kwamba kaka yake alikuwa mtu mwangalifu, kila usiku aliamka kujaribu komeo la mlango mara tatu. Akasema asanteni. Akarudi kukaa. Hakumtazama mumewe hata mara moja, na njia nzima ya kurudi, Mujtaba akiendesha na kusifu jinsi Wazungu wanavyojua kuheshimu kumbukumbu, yeye alikuwa amepakata trei zake mbili, nzima kama zilivyotoka.

*

Mujtaba alipokwisha kuondoka, Shahida alikaa kwenye kochi na koti lake na mtandio wake. Mzee alisimama katikati ya sebule, hajui aketi au asiketi.

"Mohamedtaki," alisema mkewe.

Mwanamke wa malezi yake hatamki jina la mumewe. Kwa miaka arobaini na sita ya ndoa alimwita Baba Mujtaba, na kabla Mujtaba hajazaliwa hakumwita kitu. Mzee alisikia jina lake katika kinywa kile, akakaa mwenyewe bila kuambiwa.

"Ile sahihi ni yako."

"Ni yangu."

"Uliikagua ndege?"

Hakuikagua. Akaeleza yote, droo, karatasi kumi, desturi ya karakana, Hyderali, Mwingereza na mfuko wake. Alieleza kwa kirefu mambo yasiyokuwa na haja ya urefu, ulikuwa mwembamba kiasi gani ule waya, taa zilikuwa hafifu kiasi gani. Shahida alimwacha amalize.

"Asubuhi ile ulikuwa wapi?"

"Msikitini. Nililala hukohuko."

"Ulikuwa unamlilia Imam Hussein."

"Ndiyo."

"Halafu ukaja kwetu kumlilia kaka yangu. Uliingia ndani kwa mama yangu, ukala chakula cha matanga."

Mzee alisema alikuwa na miaka ishirini na mitatu tu, na mkubwa wa kazi alimtisha. Alisema lau angefungua mdomo angefungwa jela.

"Huyo mkubwa wa kazi," Shahida aliuliza, "mwezi uliopita, ulipoulizwa sahihi ni ya nani, alikuwepo?"

Mtu humwonea huruma kijana anayetishwa na Mzungu, ila huyu alikuwa mzee wa miaka sabini na moja, hakutishwa na yeyote, alikuwa anatetea kigoda chake cha Jumamosi. Alilijua hilo mwenyewe, na mkewe alilisoma usoni mwake kama alivyoisoma karatasi.

"Ulinioa kwa sababu gani?"

Swali hili lilikuwa na jibu moja la kumwokoa, na lilihitaji kutolewa haraka. Mzee alichelewa. Alitaka, kwa mara ya kwanza, kusema kweli tupu, na hakuna saa mbaya aliyoweza kuichagua kuliko hiyo.

"Mwanzoni nilitaka kulipa," alisema. "Nilimtoa mwanamume nyumbani kwenu, nikaona nirudishe mwanamume. Lakini baadaye, Mama Mujtaba, haki ya Mungu, baadaye..."

Shahida alikuwa ameshasimama. Alivua koti, akalitundika. Akiwa amempa mgongo alisema kwamba ndugu yake ametukanwa mbele ya watu mia na yeye amepigiwa makofi kwa kutukanwa huko, kwa hiyo mambo ya ndoa yatangoja. Kwanza jina la Akbar litoke kwenye shaba. Aende akawaambie. Akamaliza kwa kusema kwamba mwana wao asijue lolote, kwa sababu hataki mtoto wake wa pekee aone haya kujiita kwa jina la baba yake.

*

Alikwenda Jumanne, akabadilisha mabasi mawili. Graham alikuwa bandani pamoja na mwenzake mmoja. Mzee alimwomba faragha, wakaenda pembeni, chini ya mkia wa ndege, akasema. Kiingereza chake kilimtoroka mara kwa mara, lakini alisema mpaka mwisho. Alisema sahihi ni yangu. Alisema nilidanganya. Alitoa kalamu, akaandika jina lake kwa Kigujarati nyuma ya tikiti ya basi, akaishika wima ili Graham ailinganishe na ile ya ubaoni.

Graham alilinganisha. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Kwanza alisema pole. Pili alitaka ahakikishiwe: sahihi ziliwekwa kabla ya kazi? Zote? Kwa ndege zote? Mzee akakubali. Na hapo uso wa Graham ukabadilika, kwa sababu alikuwa mtu wa kumbukumbu, na kumbukumbu zake zote za miaka ile zilisimama juu ya karatasi za sanduku lile. Kama ukaguzi ulikuwa ni sahihi za droo tu, basi karatasi zote ni takataka, na mtu yeyote Uingereza anaweza kuandika kesho kwamba hata hii inayomsafisha baba yake haithibitishi kitu.

"Mo," alisema taratibu, "bamba limeshatengenezwa. Kijitabu kimeshachapwa, kimeshapelekwa kwenye maktaba sita. Mlikuwa vijana wawili, marafiki, karakana moja. Mmoja wenu alisaini. Aliyetajwa hayupo, haumii. Wewe upo. Kwa nini ujifanyie hivi?"

Mzee akasema mke wake anaumia. Graham akasema analielewa hilo kabisa, na kwamba kamati inaweza kulitazama suala hili majira ya machipuko. Akamshauri apumzike, asije Jumamosi chache, arudi akijisikia vizuri. Ile tikiti ya basi akamrudishia.

Alipokuwa anavaa koti, alimsikia yule mwenzake akimwita Graham kwa wasiwasi. Bolti moja ya gurudumu la kushoto ilikuwa imeonekana kuwa ya mwaka 1946 na si 1944, na iliwekwa huko na nani haijulikani. Wakainama wote wawili na kurunzi. Graham alisema lazima itolewe hata kama itawachukua mwezi, maana hawezi kulala akijua kuna kitu cha uongo ndani ya ndege ile.

Ndani ya basi mzee alijaribu kulia, akashindwa. Huzuni alikuwa nayo, lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine, nafuu fulani nyembamba kwamba amekwenda, amesema, na bado watu hawajajua. Aliuonea aibu moyo wake. Hata hivyo alipoufungua mlango wa nyumba, ile nafuu alikuwa hajamaliza kuifuta usoni.

"Wamekataa," alisema.

Shahida alimtazama usoni. "Na wewe umeshukuru," alisema, akaenda kufunga mizigo.

*

Mujtaba aliambiwa kwamba lifti ya jengo inaharibika kila wiki na mama magoti yamemchoka. Alifurahi kumpokea Markham, watoto wake walifurahi zaidi. Alimwambia baba naye ahamie. Baba alisema amezoea alipo. Kila Ijumaa Mujtaba alimpelekea chakula, na kila mara mzee aliuliza mama yako amesema nini, na kila mara mama alikuwa hajasema kitu. Jumamosi mzee alizishinda dirishani. Hakuna aliyempigia simu kutoka bandani.

Muharram iliingia wiki moja kabla ya Krismasi. Imambara, ukumbi wao wa maombolezo, ilijaa tangu usiku wa kwanza, wanaume chini kwa nguo nyeusi, wanawake juu, maegesho yote theluji na matope. Mzee Mohamedtaki alifika mapema, akapata kiti cha ukutani wanapokaa wazee. Mujtaba akaja kukaa sakafuni miguuni pake. Alisema Ma yuko juu, amepanda ngazi mwenyewe.

Majlisi ya usiku ule, kikao cha mawaidha na maombolezo, ilidhaminiwa na familia nne, na kama kawaida, kabla ya kuanza, kijana alisimama na orodha kusoma majina ya marehemu wao ili watu wawasomee Fatiha. Alikuwa kijana wa chuo kikuu, mzaliwa wa hukohuko, anasoma majina ya wazee asiowajua kwa kujikwaakwaa. Alimaliza familia ya kwanza na ya pili. Ya tatu ilikuwa ya Mujtaba, na orodha yake ilipelekwa ofisini na mama yake.

"Marhum Jivraj Premji. Marhuma Sakinabai Jivraj. Marhum Akbar Jivraj," kijana alisoma. "Marhum Mohamedtaki Alibhai."

Mzee wa kiti cha jirani aligeuka akamtazama. Mbele, vichwa vitatu vinne vya watu waliomfahamu vikageuka pia, mmoja akitabasamu kidogo kwa kudhani ni kosa la mwandishi. Kijana alikuwa ameshaingia familia ya nne.

Mujtaba aliruka kusimama, uso umemwiva. "Daddy, wamekosea. Wameweka jina lako na maiti. Ngoja nikawaambie."

Mzee alimkamata mkono wa shati, akamvuta chini kwa nguvu ambazo mwanawe hakudhani bado anazo. Aliinua macho hadi ghorofa ya wanawake. Pazia lilikuwa limeshushwa, hakuona mtu.

"Hawakukosea," alisema. "Kaa. Soma Fatiha."

Kijana alimaliza orodha, akaitia mfukoni. Ukumbi mzima ukainamisha vichwa, na mzee Mohamedtaki akafungua viganja vyake, akaanza kuisoma pamoja na watu.